Jirani kafuga halafu hajali: mwongozo kamili wa kumsaidia mnyama wake

Mbwa wa jirani kafungwa cheni toka asubuhi, bakuli lake kavu, na wewe unamuona kila ukifungua dirisha. Au ni paka wa nyumba ya pili, anazaa kila baada ya miezi michache, watoto wanakufa mmoja mmoja na hakuna anayeshtuka. Unaumia, unakasirika, halafu unabaki pale pale maana ukiongea utaitwa mnoko na ukinyamaza roho inakusuta.

Kabla hatujaenda mbali shika hili moja: mnyama ni wa jirani, na karibu kila njia ya kumfikishia maji, chakula na matibabu inapita kwa huyo huyo jirani. Ndo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kwenda na jirani, mambo ya kuripoti yanakuja baadae. Isipokuwa hali ikiwa ya dharura, hapo mpangilio unageuka na nitakuonyesha wapi.

HATUA YA 1: Hakikisha ametelekezwa kweli

Sio kila mnyama mwembamba ananyimwa chakula. Mbwa akizeeka anaweza kukonda, akiwa na figo mbovu anakonda, akinyonyesha watoto wengi anakonda hata kama anakula vizuri. Kuna mbwa aina ya Greyhound ambao mbavu zinaonekana kidogo na wako fiti kabisa. Na inawezekana jirani kashampeleka kwa daktari, anampa dawa kila siku, we huoni tu.

Kwahiyo tumia kipimo badala ya hasira. Wataalamu wa ustawi wa wanyama wana kitu kinaitwa Uhuru Tano, ulipangwa hivyo Uingereza mwaka 1979, mwanzo kwa ajili ya mifugo ya shambani lakini leo unatumika kwa mnyama yeyote anayefugwa: asiwe na njaa wala kiu, awe na mahali pazuri pa kukaa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, apate nafasi ya kuishi kama asili yake inavyotaka, na asiishi kwa hofu. Pitia moja moja jiulize lipi limevunjwa na umeona nini kwa macho yako mwenyewe.

Mwili wake unaongea. Mbwa mwenye afya ukimpapasa unazihisi mbavu chini ya mafuta kidogo, na ukimuangalia kwa juu ana kiuno. Madaktari wengi wa wanyama wanatumia skeli ya 1 mpaka 9, mbwa mzuri yuko 4 au 5, na yule wa 1 mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga unaiona hata ukiwa mbali na misuli imekwisha. Angalia na makucha, yakiachwa yanarefuka mpaka yanajikunja na mnyama anatembea vibaya. Angalia manyoya yaliyofungamana mpaka yanavuta ngozi, vipara vyenye magamba (mara nyingi huo ni ukurutu), kupe waliojazana ndani ya masikio. Halafu maji. Mbwa anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mbwa wa kilo 20 lita moja nzima, na siku ya joto inapanda zaidi ya hapo, sasa ka bakuli kadogo kanakojazwa asubuhi halafu kanapinduliwa na cheni saa 4 hakawezi kumtosha kwa vyovyote.

Shingo iangalie sana. Mbwa akifungwa kamba au kola akiwa mtoto na hakuna mtu anayeilegeza, yeye anakua kamba haikui. Inaanza kula manyoya, halafu ngozi, halafu nyama inavimba na kuifunika, kiasi kwamba kwa mbali unaona kama mstari tu shingoni, unyevu unyevu, nzi wametulia hapo. Ukisogea unapata harufu ya kidonda kilichooza. Hiyo ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo, usijaribu kuikata mwenyewe, kamba imeshikana na nyama na kwa maumivu yale hata mbwa mpole atakung'ata.

HATUA YA 2: Tenga dharura na mengine yote

Hizi hapa hazisubiri mazungumzo, unapiga simu moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, polisi, au shirika la kulinda wanyama lililo karibu na wewe: mnyama ameanguka na hawezi kusimama, anatoka damu, anapigwa sasa hivi, kamba imeingia shingoni kama nilivyosema, nyumba imehamwa na mnyama kaachwa ndani, au joto limemshika.

Joto niliongelee kidogo maana linaua haraka na watu hawalichukulii serious. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, likivuka 40 kuendelea juu yuko hatarini. Anahema kwa nguvu bila kutulia, mate yanamtoka mazito, anayumba, anaweza kutapika, halafu anaanguka. Gari lililofungwa vioo nje kukiwa nyuzi 30, ndani linapita 40 kwa kama dakika 10 hadi 20 tu. Kama jirani yupo mgongee mlango bila kuona aibu. Ukimpata mnyama, mtoe juani, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwilini, mpepee, muache anywe mwenyewe akitaka ila usimmiminie mdomoni, na safari ya kwa daktari ianze huku bado unampoza.

Sungura nao wanasahaulika sana. Sungura akipitisha masaa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, tumbo lake limesimama. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyekuwa mnene, ini linaanza kuharibika.

Na kuna dharura inayokuhusu wewe. Mnyama aliyebadilika ghafla, yule mpole kawa mkali bila sababu au yule mkali kawa mpole kupita kiasi, anatoka mate, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inalegea, usimsogelee kabisa, huenda ni kichaa cha mbwa. Akikung'ata au kukukwaruza, au hata mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi inazuia.

HATUA YA 3: Anza daftari leo

Hata kama unaamini mtaelewana na jirani, anza kuandika. Tarehe, saa, ulichokiona, basi. Mfano:

"Jumanne saa 8 mchana. Bakuli la maji limepinduka, kavu. Cheni imejizungusha kwenye nguzo, imebaki kama hatua moja, mbwa hafiki kivulini. Saa 12 jioni bado vile vile."

Umeona hakuna sehemu imeandikwa "jirani ana roho mbaya". Afisa akisoma mistari kumi ya namna hiyo anaelewa, lakini ukimwandikia kurasa mbili za hasira atakuona una ugomvi wako binafsi na huyo mtu. Andika na siku nzuri pia, siku umeona kapewa maji andika kapewa maji, hiyo ndo inafanya daftari lako liaminike.

Picha na video piga ukiwa kwako au njiani pa watu wote. Usiruke fensi, usiingie uani kwa mtu, kwanza unajiweka kwenye kesi, pili mbwa wa kwenye cheni akiona mgeni hana pa kukimbilia kwahiyo anashambulia. Hakikisha picha inaonyesha mnyama mzima na mazingira yake, bakuli, kivuli kiko wapi, urefu wa cheni. Kelele za usiku rekodi sauti, sema na saa mwanzoni mwa rekodi.

HATUA YA 4: Jiulize kwanini jirani yuko hivi

Hatua hii wengi wanairuka na ndo maana wanagombana. Mimi naona wasiojali wako wa aina nyingi na kila mmoja anataka mlango wake. Kuna asiyejua, alikuta kwao mbwa anafungwa cheni na anaona ndo ufugaji. Kuna aliyeishiwa, kazi imekata, chakula cha watoto tu kinamtoa jasho. Kuna mgonjwa au mzee ambaye hawezi tena kuinama kuosha banda na anaona haya kusema. Kuna aliyefiwa, mnyama alikuwa wa marehemu na kila akimuangalia anaumia. Kuna anayesafiri na kamwachia kijana wa kazi ambaye hakulipwa wala hakuelekezwa. Na kuna ambaye wanyama wamemzidi, alianza na paka wawili sasa hajui idadi, harufu ya mkojo inachoma macho ukiwa getini, huyo mara nyingi anawapenda kweli kweli ila kichwa kimelemewa na anahitaji msaada yeye mwenyewe kwanza.

Wa mwisho ni mkatili. Yupo. Anayempiga mnyama kwa makusudi usiende kumshauri mlangoni peke yako, nenda moja kwa moja hatua ya 8. Na fungua macho kwa watu walio ndani ya nyumba ile, maana ukatili kwa wanyama na ukatili kwa mke, mume au watoto mara nyingi vinakaa nyumba moja.

HATUA YA 5: Nenda ukaongee

Chagua muda ambao hana haraka na wewe huna hasira. Nenda peke yako au na mtu mmoja anayemheshimu, mkienda kundi atajitetea tu. Usimwambie mbele za watoto wake wala mbele ya wapita njia. Salamu kamili kwanza, habari za nyumbani, za kazi, usiingie na mnyama mdomoni.

Halafu anza na kitu anachoweza kukijibu bila kudhalilika. Hivi kwa mfano:

"Jirani, yule mbwa wako anaitwa nani? Mchana nikiwa hapa naonaga cheni inajizungusha kwenye ile nguzo anashindwa kufika kwenye maji, nikasema labda ukiwa kazini huwezi kujua."

Hapo umempa njia ya kutoka, kwamba hajui kwasababu hayupo. Anaweza akasema "aah kweli, sijawahi kuona", na siku hiyo hiyo akahamisha nguzo. Linganisha na "jirani unamtesa mbwa wako", hata ungekuwa mkweli kiasi gani mlango umefungwa, na anayelipa ni mbwa.

Omba kitu kimoja tu. Kimoja. Ukimpa orodha ya maji, chakula, chanjo, banda na kuogesha kwa mpigo atakubali yote na hatafanya hata moja. Mimi ningeanza na maji na kivuli, haviumi mfuko wa mtu na ndo vinavyoua haraka vikikosekana. Ikifanyika mshukuru wazi wazi, halafu baada ya siku kadhaa leta la pili.

Akikujibu vibaya, "fuga wako", usijibizane. Sema samahani jirani sikuwa na nia mbaya, ondoka, nenda kaandike kwenye daftari tarehe na alichosema. Kuna watu wanakasirika leo na kesho kutwa unaona bakuli jipya.

HATUA YA 6: Toa msaada wenye mipaka

Omba ruhusa kabla ya kulisha, hata kama ni paka anayekuja mwenyewe kwako. Sababu ni mbili. Mnyama anaweza kuwa kwenye dawa au chakula maalum, na akiugua kesho wewe ndo utaambiwa umemwekea sumu. Ruhusa ya meseji inatosha, itunze. Maji kwenye joto kali mimi siyaombei ruhusa kama naweza kuyasogeza nikiwa upande wangu, na bado namwambia jirani baadae kwamba nilifanya hivyo.

Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu usimjazie sahani. Mwili uliozoea kukosa ukipewa chakula kingi ghafla madini kwenye damu yanavurugika na anaweza kufa akiwa ameshiba, huruma yako ikamuua. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na daktari aseme kiasi. Usimpe vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu, wala mifupa iliyopikwa ambayo inapasuka na kuchoma utumbo. Maziwa ya ng'ombe paka wengi wakubwa yanawaharisha, mpe maji. Na dawa za binadamu weka mbali, paracetamol kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin ukimpaka paka unamuwekea sumu mwilini, wengi wanafanya hivi kwa nia njema kabisa.

Kama tatizo ni muda, jitolee kitu mahususi, "Jumamosi asubuhi naweza kumtembeza nusu saa", usiseme "nikusaidie chochote" maana hakuna anayeitikia hiyo. Kama tatizo ni hela, ulizia ratiba za chanjo za bure au za bei nafuu, maeneo mengi huwa zinafanyika za kichaa cha mbwa, na mwambie tarehe. Cheni ikishindikana kuondoka kabisa basi iwe nyepesi, ndefu, na ifungwe kwenye waya mrefu ulionyooshwa ili iteleze huku na huku, sio kwenye nguzo ambayo itaizungusha.

Kwa paka wanaozaliana usipoteze nguvu kugawa watoto kila mara. Paka anabeba mimba kama wiki 9 tu, anaweza kushika nyingine bado ananyonyesha, na mtoto wa kike anaweza kubeba akiwa na miezi minne au mitano. Usipomfunga kizazi mama, unakimbizana na namba ambayo haitaisha. Peleka nguvu yote hapo, mwambie jirani gharama mchangie nusu kwa nusu au umchukue umpeleke wewe kwa ruhusa yake.

HATUA YA 7: Tafuta mtu wa kati

Kama umeongea mara mbili tatu hakuna kilichobadilika, kabla ya ofisi jaribu mtu ambaye jirani anamsikiliza, ndugu yake, mwenye nyumba, kiongozi wa dini au wa eneo lenu. Asiende na ujumbe "fulani kalalamika". Aende kama mtu aliyeona mwenyewe. Majirani wengine wakiwa wameona pia, kila mmoja aandike chake kwa maneno yake, ikifika hatua inayofuata sauti tatu zina uzito kuliko moja.

HATUA YA 8: Ripoti, na uripoti vizuri

Nchi nyingi zina sheria inayokataza kumtesa mnyama, na mara nyingi kumnyima chakula, maji au matibabu kunahesabika humo humo. Tafuta sheria ya nchi yako usome kifungu chenyewe. Pa kupeleka ni ofisi ya mifugo ya serikali, polisi, au shirika la ustawi wa wanyama, na kama hujui, daktari yeyote wa mifugo atakuelekeza.

Ukiripoti sema mnyama ni wa aina gani na wangapi, yuko sehemu gani hasa ya kiwanja, umeona nini na tarehe zipi, mara ya mwisho kumuona ni lini, jirani ameshaambiwa mara ngapi na alijibu nini. Toa nakala ya daftari na picha, halisi ubaki nazo. Uliza kama jina lako linaweza kufichwa. Kisha usiondoke bila namba ya faili au jina la aliyekupokea, na uulize watakwenda lini. Wiki ikipita kimya piga tena, taja namba, ongeza ulichoona toka ulipoenda. Kesi nyingi za namna hii zinafia hapa, sio kwasababu hazina ushahidi, ila mlalamikaji alienda mara moja akakata tamaa.

Usimtangazie jirani kwamba umeripoti. Na tafadhali usimrushe mtandaoni na picha ya nyumba yake, najua inatamanisha. Kinachotokea ni kwamba mnyama anafichwa ndani au anaenda kutupwa mbali usiku, ushahidi unapotea, na wewe unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina. Kumuiba mnyama usiku nako kunageuza kesi yote, wewe ndo unakuwa mtuhumiwa, na mnyama anaweza kurudishwa pale pale kwa amri.

HATUA YA 9: Jirani akisema "basi mchukue wewe"

Inatokea sana kuliko watu wanavyofikiri, wengine walikuwa wanasubiri tu mtu aulize. Usiondoke na neno la mdomo. Andikeni karatasi fupi, jina lake, jina lako, mnyama anavyofanana, tarehe, kwamba amekupa moja kwa moja, wote msaini na shahidi mmoja. Kama ana kadi ya chanjo aitoe.

Toka hapo nenda kwa daktari kabla ya nyumbani. Kama una wanyama wengine mtenge kwenye chumba chake kwa wiki mbili hivi, vyombo vyake na vitambaa vyake visichanganyike, maana virusi vya parvo vinavyowamaliza watoto wa mbwa vinaweza kukaa mahali kwa miezi mingi. Siku za kwanza usimuogeshe, usimlazimishe kukumbatiwa, usiite watu waje kumuona. Mpe kona, maji, chakula kidogo kwa ratiba, na kaa sakafuni mbali kidogo ukiwa umempa ubavu, umuache aje mwenyewe. Aliyepigwa anaweza kujikojolea ukinyanyua fagio tu, usimkaripie.

Na endelea kuangalia upande wa pili wa fensi. Jirani aliyetoa mbwa mmoja anaweza kuleta mwingine mdogo baada ya muda, hapo nenda mapema kabisa, wiki ya kwanza, mkiwa bado mnaelewana, ukampe namba ya daktari na tarehe ya chanjo. Akirudia yale yale fungua daftari jipya, na ukienda kuripoti taja namba ya faili la zamani.